Sauti Zilizokuwa Kwenye Foleni

Kwenye kile kituo ambako madaktari huwapeleka wagonjwa waliokwisha kuwakatia tamaa, kulikuwa na chumba kidogo chenye kipaza sauti na kiti cha mito. Mgonjwa huingia, mlango hufungwa, naye huzungumza na watu wake atakaowaacha. Sauti hizo zote zilihifadhiwa kwenye kanzidata, na mlinzi wake alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimbandika jina la Bibi Akiba.

Jina lilimfaa. Alikuwa na seva mbili, mashine za kuhifadhia sauti hizo: kuu ilikaa pale kituoni, ya akiba ng'ambo ya pili ya mji. Kila kilichoingia kwenye kuu kilipita kwenye waya na kuandikwa kwa mwenzake papo hapo, ili moja ikianguka, nyingine ishike kazi. "Duniani wawili wawili," alikuwa akitania, "lakini hawa wangu wakitofautiana hata kwa kikohozi, mimi usingizi sipati."

Kisha mdogo wake akalazwa pale pale kituoni. Bibi Akiba akaomba likizo, akazima simu, akakaa kitandani pa ndugu yake. Siku hizo hizo wachimba mtaro wakaukata waya wa kwenda ng'ambo. Seva kuu ikaendelea kupokea sauti. Ya akiba ikabaki pale ilipoachwa, kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya maneno. Fundi umeme wa kituo alimpigia, hakumpata, akaona haya kumsumbua mtu anayeuguza.

Kwa hiyo Bibi Akiba hakujua lolote alipomsukuma mdogo wake kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha sauti.

"Dada, maneno haya ni ya mwanangu. Yasije yakapotea."

"Yatakaa nyumba mbili. Kitu chenye nyumba mbili kinapoteaje?"

Akamfungia mlango, akasubiri ukumbini. Mlango ulikuwa mnene.

Wakamzika wiki ile ile. Bibi Akiba aliporudi kazini, waya ulikuwa umeungwa, lakini akiba ilikuwa nyuma sana, na diski ya seva kuu ilikuwa imeanza kukwaruza. Akaanzisha unakili. Sauti zikawa zinavuka moja moja, iliyotangulia kuingia ikitangulia kuvuka.

Fundi umeme akainama kwenye skrini. "Ya marehemu iko mkiani kabisa. Ichomoe kwanza kwa mkono."

"Nikiingiza mkono, foleni nzima inasimama. Na diski hii haina pumzi ya kuanza upya."

"Dada, hao walio mbele wote ni marehemu. Nani atakulaumu?"

"Marehemu wana watoto," akasema, na mikono akaiweka mapajani, asije akaigusa kibodi.

Zikavuka: ya dereva wa treni, ya mwalimu wa hesabu, ya ajuza aliyewaimbia wajukuu zake. Foleni ikafupika hadi fundi akaanza kutabasamu. Ndipo seva kuu ikakwaruza kwa nguvu, ikanyamaza. Mafundi waliifungua ile diski, wakaipeleka kwa mabingwa, ikarudi vile vile. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Akaenda kwa shemeji yake, mume wa marehemu. Alimkuta akipiga pasi sare ya shule ya binti yake.

"Shemeji, ile sauti imepotea."

"Si ulisema iko nyumba mbili?"

"Nilisema. Ya pili ilikuwa haijaipokea."

Akamweleza yote, hata habari ya foleni, ambayo angeweza kuimeza, asingejua mtu.

"Kwa hiyo uliwapisha watu usiowajua," shemeji akasema polepole, "ukamwacha ndugu yako wa tumbo moja."

"Niliwapisha."

"Watoto wa watu wamepata. Wangu amekosa."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. "Mama mkubwa, mama alisema nini?"

"Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa nje."

"Hata neno moja?"

Maneno yalimjaa kinywani, matamu, ambayo mama yeyote angeyasema. Angeyatoa, nani angebisha? Lakini yangekuwa yake, na mtoto angetembea nayo maisha yote akidhani ni ya mamaye.

"Hata moja."

"Basi nani anajua?"

"Hakuna, mama."

Mtoto akaangusha kiatu, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Baba yake akamnyanyua, akambeba chumbani. Kabla hajapita mlango akageuka, uso umemkauka.

"Nguo inaungua hiyo. Malizia."

Miezi mingi ilipita kabla hajamtamkia neno jingine. Siku hiyo Bibi Akiba alishika pasi, akanyoosha kola, akanyoosha mikono ya sare, akaitundika kitini, huku akisikiliza kilio ng'ambo ya ukuta, asithubutu kwenda kukibembeleza.