Sawa ya Mashine

Mumbua hakuwa mtu wa kunyamaza anapopatia jambo. Karakana ya Wabwire pale Kawangware ilipopata mashine ya kupimia, ile yenye mkono unaotembea juu ya meza ya jiwe na kugusa chuma kwa ncha ndogo nyekundu, yeye ndiye aliyechagua programu ya kuiendesha. Programu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimwaga tarakimu ukurasa mzima hadi macho yakauma. Ya pili iliongea Kiswahili. Ukimaliza kupima, iliandika kwa herufi kubwa za kijani: KIPIMO SAWA.

Wabwire, mwenye karakana, alipenda ile ya kwanza. "Hii ingine inasema sawa, lakini haisemi imejuaje," alilalamika.

"Mkubwa, unataka kusoma ama unataka kazi iishe?" Mumbua akamjibu, na karakana nzima ikacheka. Wabwire akasalimu amri.

Walikuwa wakitengeneza magoti ya miguu bandia kwa kliniki moja ndogo. Goti likishachongwa, Mumbua analiweka mezani, ncha inaligusa hapa na pale, SAWA inatokea, goti linaingia kwenye boksi. Akawa anatembea kifua mbele, na wala si siri, alipenda kutembea hivyo.

Goti mojawapo lilimwendea Sella, muuza mitumba wa soko la Toi na jirani wa Mumbua kule Gatwekera, ambaye watu humwita Mama Trizah. Sella alikuja kulalamika kwamba mguu unavutia ndani na kigutu cha mguu wake kimeanza kuchubuka. Kliniki walikuwa wamemwambia aulize waliotengeneza. Mumbua hata hakuinama kuuangalia.

"Mama Trizah, hiyo goti nilipima mwenyewe. Iko sawa. Ni wewe hujazoea. Fanya mazoezi."

"Pengine ni mimi," Sella akasema.

Alikuja tena baadaye, na Mumbua akampa jibu lilelile, safari hii kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Tangu hapo Sella hakulalamika. Asubuhi alionekana akipanda kile kilima cha Gatwekera polepole, ameuma midomo, akifanya mazoezi kama alivyoambiwa. Mumbua akimwona alijisifu moyoni kwamba amemsaidia.

Basi siku moja akaja Derrick, mwenye karakana nyingine hukohuko Kawangware. Alitaka kununua programu, na sifa za Mumbua zilikuwa zimemfikia.

"Niaje, Mumbua. Nimeskia yenu inaongea hadi Kiswahili."

"Poa. Kaa hapo nikuonyeshe."

Angemwonyesha goti zuri, mgeni angeenda zake ameridhika. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba. Akaenda kwenye pipa la vyuma vya kutupwa, akachukua goti lililowahi kuanguka sakafuni likapinda waziwazi. "Tazama vile itakataa hii," akasema, akaliweka mezani. Wabwire naye akasogea, mikono mfukoni.

Ncha ikagusa, ikagusa. Skrini ikaandika kwa kijani: KIPIMO SAWA.

Derrick akasubiri, akidhani kuna kitu bado. "Si umesema itakataa?"

Mumbua akarudia. Sawa. Akaifuta ncha kwa kitambaa, akarudia tena huku jasho linamtoka. Sawa. Ndipo akabonyeza neno hilo lenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nyuma yake ukafunguka ukurasa wa tarakimu, mwekundu toka juu hadi chini.

Akaelewa papo hapo. Mashine haikuwahi kusema kwamba goti liko sawa. Ilikuwa ikisema sawa kama mtu wa Nairobi anavyosema sawa kwenye simu: nimesikia, nimemaliza, endelea. Kazi ya kugusa imekwisha bila tatizo, basi. Habari za goti zilikuwa nyuma, na nyuma hakuna aliyeangalia. Neno hilo lingekuwa la kigeni, Mumbua angeuliza maana yake. Kwa sababu lilikuwa la nyumbani, hakuona la kuuliza.

Derrick aliaga kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Mumbua kuliko kicheko. Wabwire hakumkumbusha lolote. "Angalia zile zilitoka," alisema tu.

Mumbua alizifungua rekodi za magoti moja moja. Mengi yalikuwa mazuri, shukrani kwa fundi wa kuchonga na si kwake. Mawili yalikuwa na tundu la kupitishia pini lililoenda upande: la Sella, na la mwanamke mmoja wa Makina aitwaye Apiyo. Aibu ilimshika hadi akashindwa kuinua uso. Kukosea angekubali, hakuna fundi asiyekosea. Kilichomtafuna ni ile sauti yake ya kuchoshwa, akimwambia mtu anayeumia kwamba haumii.

"Kliniki nitapigia mimi," Wabwire akasema. "Kwa jirani yako uende mwenyewe."

Alimkuta Sella sokoni Toi akipanga blauzi. Njiani Mumbua alikuwa ameandaa maelezo marefu kuhusu programu. Yote yakamkauka mdomoni.

"Mama Trizah, haikuwa wewe. Ni goti. Imepinda, na mimi sikuangalia."

Sella aliendelea kukunja blauzi mpaka akaimaliza. "Nimeomba Mungu aniondolee uvivu," akasema. "Kanisani, mbele ya watu. Nilisimama nikaomba."

Mumbua akaokota blauzi iliyoanguka, akairudisha mezani.

"Na ya Apiyo?" Sella akauliza.

"Yake pia. Unamjua?"

"Tulipewa miguu siku moja. Alikuja hapa akilia, akasema inamuumiza. Nikamwambia vile uliniambia. Nikaongeza na yangu." Akaweka blauzi pembeni. "Akaitupa chini ya kitanda. Siku hizi hatuongei."

Akaketi juu ya bunda la nguo, akapandisha sketi, akafungua mikanda mbele ya wateja na kuuvua mguu. Kigutu kilikuwa kimechubuka upande mmoja hadi nyama ikaonekana. Mumbua alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza. Sella akavuta magongo kutoka chini ya meza, kisha akamsukumia mguu kifuani.

"Beba wewe. Tunaenda kwake. Utaanza kuongea wewe, halafu mimi."

Wakatoka sokoni, Sella mbele kwa magongo, Mumbua nyuma amekumbatia mguu ukiwa na kiatu chake. Watu waligeuka kutazama. Alitamani kuomba leso aufunike, ila hakuthubutu.