Jina la Aliyeuza Dawa

Royce Gandy alimpiga risasi Clay ndani ya kituo cha mafuta, wakati Clay alikuwa keshampa pesa zote. Hilo ndilo wifi yangu Wanda hakuweza kulimeza: mwanawe Clay alikuwa ametii kila alichoambiwa. Mahakama ilipomhukumu Royce kifo, Wanda alisema atakaa kiti cha mbele amwone akikata roho.

Siku hiyo ikawa haifiki. Kila tarehe ilipopangwa, gereza lilisema halina dawa ya sindano. Viwanda vilikataa kuiuzia serikali dawa ya kuulia watu, na wenye maduka ya dawa ambao wangeweza kuichanganya waliogopa kutajwa magazetini.

"Yaani Royce anapikiwa, anafuliwa, mwanangu yuko udongoni, kisa kuna mtu anaona haya kuuza dawa?" Wanda aliniuliza huku akikata vitunguu. Kisu kiligonga ubao kana kwamba ubao ndio Royce.

Hapo akaja Lyle Hatcher, seneta wetu katika bunge la jimbo. Alikaa jikoni kwa Wanda, akanywa chai ya barafu, akasema, "Bi Wanda, nina mswada. Atakayeliuzia gereza dawa, jina lake litakuwa siri. Gazeti halitalijua, wala wakili. Wenzangu wanasitasita, ila wakikuona wewe, wataona aibu kusita."

Wanda alikwenda mbele ya kamati ya bunge na picha ya Clay kifuani. Wakili wa wafungwa akauliza, "Na dawa ikiwa mbovu, tutamuuliza nani?"

Wanda akamgeukia. "Clay alimuuliza nani?"

Sheria ikapita, gavana akaitia sahihi Wanda akiwa amesimama nyuma yake, na gereza likapata dawa.

Nilikaa naye mbele ya dirisha la kioo la chumba cha sindano siku ya Royce kuuawa. Darlene Gandy, mama yake Royce, aliwekwa chumba cha pili. Dawa ilipoingia mshipani, Royce hakulala. Aliinua kifua, akapiga kelele kwamba mkono unawaka moto. Maafisa wakashusha pazia. Tulikaa tukisikia sauti yake, kisha tukawa hatusikii kitu. Mwishowe afisa mmoja akaja kutuambia kwamba dawa haikufanya kazi, kwamba muda wa hati ya kumuua umepita, na kwamba Royce amerudishwa seli. Hai.

Wanda hakulia. "Nani amewauzia uchafu huu?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Sheria inakataza."

"Sheria gani?"

Yule afisa alitazama viatu vyake. "Ile uliyoipigania."

Tulimfuata Hatcher ofisini. Alimshika Wanda bega. "Bi Wanda, siri ni siri. Tukifungua kidogo tu, hakuna atakayetuuzia tena. Vumilia."

"Ondoa mkono wako," Wanda alisema.

Akafungua kesi adai hilo jina. Jaji akaitupa. Alipotoka, alimkuta Darlene kwenye benchi la ukumbini, amevaa sare ya mgahawa anakofanya kazi. Kesi ya Darlene ilikuwa imetupwa asubuhi ileile, naye alikuwa anadai jina hilohilo.

"Wewe unalitakia nini?" Wanda alimuuliza kwa ukali.

"Nimshitaki. Amemuunguza mwanangu akiwa hai."

"Mimi nimshitaki kwa kutommaliza."

Nilidhani Darlene atamrukia. Alikunja aproni yake magotini, akasema polepole, "Basi tunamtafuta mtu mmoja."

"Usinisogelee."

"Sijasogea. Wewe ndiye uliyekuja kukaa."

Wanda aliangalia chini, akaona kweli amekaa. Hakuinuka. "Yule Hatcher anagombea tena mwaka huu," alisema.

Kiangazi chote nikawa dereva wao, nyumba kwa nyumba, kuwaomba watu wasimpigie Hatcher kura. Wanda mbele, Darlene nyuma, hawasemeshani hata neno. Lakini mlango ukifunguliwa, Wanda anasema, "Mwanangu aliuawa na mwana wa huyu," na Darlene anapokea, "Na Hatcher ametudanganya sote wawili." Wengine walitufungia mlango usoni. Wengi walibaki wamesimama, wanasikiliza hadi mwisho.

Hatcher alitukuta sokoni, jasho linamtoka. "Bi Wanda, si nilikusaidia mimi?"

"Ulinisaidia hadi kwenye pazia."

"Unashirikiana na ukoo wa muuaji!"

"Ndiyo. Jiulize umenifanya nini mpaka nikafika huko."

Alishindwa. Matokeo yalipotangazwa redioni, Wanda alipiga meza kwa ngumi mara moja, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu Clay afe, na hakikuwa cha furaha. Darlene akamnyooshea mkono. Wanda aliuacha hewani.

"Tarehe mpya ikipangwa, nitakuwepo," alimwambia.

"Najua," Darlene alisema. "Na mimi nitakuwepo."

Seneta mpya aliyemshinda Hatcher alikuwa ametuahidi kuifuta ile sheria ya siri. Baada ya kuapishwa, alipiga simu: suala hilo ni zito, halitaguswa kwanza, tuwe na subira. Wanda alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa adabu, akakata simu.

"Wifi," akaniambia, akitafuta koti lake, "huyu naye anakaa wapi?"