Ng'ombe Wasisikie

Katika familia ya akina Hutchings, ugomvi haukuingia zizini. Marehemu baba yao alishikilia kwamba ng'ombe akisikia watu wakifokeana hubana maziwa, ukamkamua mpaka vidole vife ganzi usipate kitu. Basi Arlene na mdogo wake Duane walikua wakiacha hasira zao mlangoni pamoja na matope ya viatu. Hata sasa, watu wazima wenye mvi, walikamua pamoja asubuhi na jioni wakizungumzia mvua, majani, na ng'ombe gani kiwele kimemvimba. Na kwa kuwa hawakukutana kwingine ila kanisani, mambo mazito yalikuwa hayasemwi kabisa.

Jioni ile Arlene alikuwa na neno limemkaa kooni. Alikuwa diwani wa Pell Creek, mji wao mdogo katika jimbo la New York, karibu na mpaka wa Pennsylvania. Baada ya kukamua, baraza lingepiga kura ya kupiga marufuku uchimbaji wa gesi, ule wa kupasua mwamba chini ya ardhi kwa maji yenye dawa. Madiwani ni watano. Wawili wanataka marufuku, wawili hawaitaki. Aliyebaki ni yeye. Na Duane alikuwa ameshaikodisha kampuni ya gesi kilima chake chote.

"Dada, leo vaa lile koti zuri," Duane alisema huku akimpangusa ng'ombe chuchu. "Unakwenda kuniokolea shamba, usionekane mkamuaji."

"Na wewe uoge. Jumapili watu walitukimbia wakahamia benchi la mbele."

Duane akacheka kwa sauti. Bei ya maziwa ilikuwa imeporomoka, na kicheko chake kilikuwa kimeadimika kweli. Alimwamini dada yake kiasi cha kutomuuliza hata mara moja atapiga kura gani. Na huyu mwanamke, jamani, badala ya kumvuta nje kwenye theluji amwambie, "Mdogo wangu, mimi naipinga gesi," akahamishia mashine ya kukamulia kwa ng'ombe mwingine. Alijiambia ananyamaza kwa ajili ya ng'ombe. Uongo mtupu! Alikuwa anaogopa.

Sababu anayo. Alikwenda kumtembelea binamu yao Lucille ng'ambo ya mpaka, ambako gesi inachimbwa tayari, akakuta malori yanapita mchana kutwa na maji ya kisima yamekuwa ya kahawia. Lucille alikuwa anapikia maji ya chupa. Na chemchemi wanayonywea ng'ombe wa Duane inatoka chini ya kilima kile kile.

Mkutano ulifanyika kituo cha zimamoto. Magari yalitolewa nje ili watu waenee, na bado wengine walisimama. Wakili wa kampuni alianza, mpole, suti imemkaa.

"Sheria ya jimbo iko wazi. Kusimamia gesi ni kazi ya jimbo, mji hauna mamlaka hayo. Mkipitisha hii, tutaonana mahakamani."

Wakili wa mji, mama mfupi aitwaye Feldman, akainuka. "Jimbo litupangie namna ya kupika, sawa. Lakini jiko likae wapi, au lisikae kabisa, hilo ni la mwenye nyumba. Hatuwaambii wachimbe vipi. Tunawaambia si hapa."

Watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Duane kusema, dakika zake tatu kama kila mtu. Alikuwa ameoga.

"Mama, mwenye nyumba ni nani?" aliuliza. "Kilima changu, kodi nalipa mimi. Hawa wanaopiga makofi, yupi atakuja kunikamulia?" Akawatazama mmoja mmoja. "Anayenikamulia yuko pale mbele." Akamgeukia dada yake na kumkonyeza.

Arlene alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono marufuku, aliinua mkono. Duane aliendelea kutabasamu kidogo, kama aliyedhani dada amekosea swali. Kisha akachukua kofia yake na kutoka.

Alfajiri Arlene alikwenda zizini vile vile. Alikuta mlango wazi na mashine yake imeshaoshwa.

"Majani makavu yanaelekea kuisha," Duane alisema.

"Naona."

Basi, ikawa hivyo. Kampuni ikaushtaki mji, mji ukashinda, kampuni ikakata rufaa, na kesi ikapanda kutoka mahakama hadi mahakama huku wale wawili wakizungumzia majani. Arlene aliomba atukanwe, hata tusi moja tu. Hakupata.

Siku mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilipoamua kwamba mji una haki ya kukataa, kituo cha zimamoto kilijaa keki za tufaha na watu wakikumbatiana. Arlene alikumbatiwa mpaka mbavu zikauma. Wiki hiyo hiyo Duane aliuza ng'ombe wote.

Arlene alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, zizi limefagiliwa, minyororo inaning'inia.

"Haya, Dada," Duane alisema. "Sema sasa. Hakuna wa kubana maziwa."

Arlene akaushika mnyororo mmoja. "Niliogopea maji, Duane. Yako pia. Kura ile ningeipiga tena."

"Najua."

"Ningekwambia mapema ungekasirika."

"Ningekutukana mpaka sauti inikauke," Duane alisema. "Lakini nisingekukonyeza mbele ya watu wote wale."

Arlene alikaa sakafuni kando yake. Saa ya kukamua ikafika, na hakuna aliyeinuka.