Vali Mbili Zinazofanana

Pendekezo la Torgeir, mwenzangu ofisini, lilikuwa wazi kwa wote: vali hizi mbili, vilango vya kufunga na kufungua mabomba, zinafanana, ziunganishwe ziwe moja. Asipopinga mtu hadi saa tisa alasiri, limepita. Ndivyo maktaba yetu inavyoendeshwa. Kampuni zinazochimba mafuta upande huu wa bahari huchota humo maelezo ya vifaa vyao, na sote tunaihariri mtandaoni kwa pamoja, kila mmoja akiona mwenzake anagusa wapi.

Wenzetu wa ofisi ya Aberdeen walishaweka alama ya kijani ya kukubali. Bergen pia.

Mimi, Solfrid, mgeni kuliko wote katika ofisi ya Stavanger, nilizisoma tena. Kweli, maelezo yalikuwa yaleyale neno kwa neno. Lakini nilipofungua toleo la zamani nikakuta sentensi ya mwisho, iliyodondoka tulipohamia mfumo mpya: hewa inayoziendesha ikikatika, vali ya kwanza hujifunga, ya pili hujifungua. Hiyo ya pili ndiyo huachia maji ya kuzimia moto. Zikiwa moja, kuna siku mtu ataagiza ya kujifunga, na maji hayatatoka. Kaka yangu Håvard hulala juu ya mtambo wa kuchimba mafuta wenye vali kama hizo, katikati ya bahari.

Nikaandika pingamizi. Nikafuta. Nikaandika tena kwa upole zaidi, nikafuta.

"Solfrid!" Torgeir alisimama mlangoni na kisu mkononi, kwani Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yake kuleta keki. "Unamwandikia nani barua ya mapenzi? Tangu chakula cha mchana naona 'Solfrid anaandika', halafu kimya. Aberdeen wanaulizana kama umezimia."

Uso ukaniwaka. Nilisahau kwamba wote wanaona.

"Ni zile vali zako," nikasema. "Hazifanani." Nikamgeuzia skrini.

Akasoma, kisu kikining'inia. "Lo! Na mimi mwenyewe ndiye niliyeziingiza, enzi hizo nina nywele."

"Basi liondoe pendekezo, tafadhali."

"Ili kesho mwingine alilete tena? Hapana, bibie. Kisichoandikwa humo hakijasemwa. Ukininong'oneza mimi, umeuambia ukuta."

"Watadhani nakuaibisha."

"Niaibishe basi, saa tisa hiyo inakuja! Keki naikata polepole."

Safari hii sikufuta. Niliandika, "Napinga. Hazifanani," nikabandika sentensi ya zamani chini yake, nikabonyeza kutuma.

Alama ya Aberdeen ikatoweka. Bergen wakauliza, "Una uhakika gani?" Nikawatumia ukurasa wenyewe wa zamani, wenye jina la Torgeir. Wakaufungua. Kisha alama yao nayo ikatoweka.

Pendekezo likafungwa. Nikarudisha sentensi, kila vali na yake, ila maktaba haikubali badiliko la mtu mmoja. Lazima wa pili athibitishe. Torgeir akaketi mezani kwake, na jina lake likatokea kando ya langu. Alisoma taratibu, akaongeza koma moja.

"Ili wajue nilikuwepo!" akapaza sauti, akathibitisha.

Nilipofika kwenye keki kilikuwa kimebaki kipande cha pembeni, kikavu. Nikakila nimesimama, nikarudi kutafuta vali nyingine zilizohamishiwa mfumo mpya siku moja na hizi.