Kibanzi cha Matangani

Miaka ile mtu wa Nshamba hakuruhusiwa kuwa na kipele cha kawaida. Ukikohoa, silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi. Ukikonda kwa sababu fukusi wamemaliza migomba yako, silimu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka huyu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba tangu vita vya Amini viishe, kwa hiyo huwezi kuwalaumu watu sana. Kidogo unaweza.

Benigna alimzika mumewe, Datius, wakati wa masika. Haukupita muda, ubavuni mwa paja lake pakavimba. Uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukajifunga, ukavimba tena, na ngozi ikawa nyeusi na ngumu. Datius naye alikufa na madonda mwilini. Majirani waliunganisha mambo hayo mawili bila taabu, lakini wa kwanza kuyaunganisha alikuwa Benigna mwenyewe.

Akajihukumu. Alitenga kikombe chake, sahani yake na mkeka wake. Binti yake Joviana, wa miaka minne, akahamia kitandani kwa bibi. Mtoto akimjia mbio, Benigna alinyoosha kiganja. "Simama hapo hapo, omwana wange. Usinisogelee." Mwanzoni Joviana alilia. Baadaye akazoea, na huko kuzoea ndiko kulikomuuma mama kuliko donda.

Mama mkwe wake, Clotilda, mwanamke asiyejua kunong'ona, alichoka. Hospitali ya jirani ilikuwa imepiga eksirei na kuona mfupa safi. Sindano zilichomwa, jipu likarudi.

"Nenda Bukoba," alisema. "Binti wa Umedbhai, yule muuza vitambaa wa Miembeni, amerudi na udaktari. Ana mashine ya kutazama ndani ya mtu bila kumkata."

"Mama, hiyo ni ya wajawazito."

"Basi katazamwe pamoja nao. Nimezika mwanangu. Wewe sikuziki kabla hujatazamwa."

Benigna akaenda. Kwenye benchi la kliniki alibanana na matumbo makubwa, na mwanamke mmoja akamuuliza kwa wema wake mimba ina miezi mingapi. Benigna alitamani kucheka, akashindwa.

Daktari Anasuya alilishika paja lile kwa mikono miwili, wala hakukunja uso. Hilo peke yake lilitosha kumliza Benigna, maana tangu mazishi hakuna aliyemgusa hivyo.

"Mashine hii imezoea kuona mbali, tumboni," daktari alisema. "Cha juu juu kwenye ngozi inakiruka. Tutaidanganya." Alijaza maji kwenye glavu ya mpira, akaifunga, akailaza juu ya uvimbe, kisha akapitisha kile kichwa cha mashine juu yake, taratibu.

Kwenye kioo kukatokea ukungu wa kijivu, na katikati yake shimo jeusi. "Huo ni usaha," alisema. Ndani ya shimo kulilala mstari mweupe, mfupi, ulionyooka, wenye kivuli nyuma yake. Daktari akausogelea. "Na hiki si ugonjwa, mama. Hiki ni kijiti. Eksirei haioni mti. Ulichomwa na nini?"

Benigna akakumbuka. Matangani alikaa sakafuni, miguu ameikunja upande mmoja, juu ya nyasi walizotandaza watu kwa haraka. Ndani ya nyasi mlikuwa na vipande vya matete. Kitu kilimchoma sana, naye hakuinuka. Mjane gani atainuka nyasini, mume amelazwa mbele yake, aseme amechomwa? Angelia vipi kwa ajili ya paja?

Kibanzi kilitolewa siku hiyo hiyo, hakifiki hata urefu wa njiti ya kiberiti. Benigna akabaki Bukoba kwa binamu yake, na kila wiki daktari aliirudisha ile glavu ya maji kutazama kunavyopona chini ya ngozi. Shimo jeusi likapungua, likawa ufa, mwishowe pakawa kijivu kitupu.

"Umepona," daktari alisema.

Benigna akafunika uso kwa kanga. "Sasa nitamshika mwanangu."

"Ulikuwa humshiki?"

Akamweleza yote. Daktari Anasuya akavuta kiti, akakaa. "Nisikilize, mama. Kama una virusi au huna, mashine hii haijui. Damu ndiyo inajua, na leo tutaipima. Majibu yakija mabaya, mkumbatie mwanao hata hivyo. Ugonjwa ule haupiti kwenye kukumbatiana. Hata siku moja haukupita huko. Nani alikuambia usimguse?"

"Hakuna," Benigna alisema. "Niliona mwenyewe."

Alitoa damu, akapanda gari la Muleba kurudi kwao. Njia nzima hakuwaza majibu. Aliwaza zile jioni zote alizonyoosha kiganja bure, na moyo ulimuuma kama mtu aliyeibiwa na mkono wake mwenyewe.

Alipoingia kibanjani, shamba la nyumbani, Joviana alichomoka kwenye mibuni, mbio, akipiga kelele za furaha. Kisha akasimama ghafla, mbali, pale pale alipofundishwa.

Benigna akaweka mzigo chini, akafungua mikono. "Njoo."

Mtoto hakusogea. Alimtazama mama yake kwa huruma, kama anayemkumbusha mtu msahaulifu. "Mama, mimi nasimama hapa."

Benigna akaenda yeye.