Senene wa Mama Koku

Mimi Kabibi naongea sana, hilo mtaa mzima wa Kilifi wanalijua, lakini uongo si kazi yangu. Ule mmoja niliousema mwaka huu ulininyima raha miezi mitatu.

Tuna mwanafunzi nyumbani, Koku, mtoto wa Kihaya kutoka Bukoba, Tanzania. Chuo kilitafuta familia za kukaa na wageni, na mume wangu Mangi akaandikisha jina letu bila kuniuliza. Nilimgombeza wiki nzima. Kisha msichana akaja, akapiga magoti mlangoni kunisalimia, nami nikaisha kabisa. Sasa ni mwanangu. Anakuna nazi kunishinda, na akichelewa kurudi kutoka chuoni mimi sili.

Shida ilikuwa mamake. Hakupenda bintiye akae kwa watu asiowajua, akasema atakuja aone kwa macho yake, na asiporidhika atamhamishia hosteli. Ili kumlainisha nilimtumia papa mkavu, mnene, niliyemchagua mwenyewe. Nikasikia wamempenda mno. Naye akatuma kopo kwa basi.

Siku lilipofika, Koku alikuwa amesafiri kwenda Marafa na wenzake wa darasa. Nikalifungua mwenyewe. Lo! Panzi. Panzi wakavu, hawana miguu wala mabawa, kopo zima. Nikajua zawadi imeliwa njiani, wadudu wakashiba wakafia humo humo. Nikawamwagia kuku, nao wakawagombania hadi wa mwisho.

Koku aliporudi akaniuliza, uso wote furaha, kama tumewapenda senene wa mama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba panzi ndio zawadi yenyewe. Nikamjibu kuwa walikuwa watamu, tumewamaliza. Akampigia mamake papo hapo kumwambia.

Jumamosi iliyopita mama akafika. Mwanamke mrefu, mpole, anayetazama kila kitu: kitanda cha Koku, neti, pipa la maji, hata komeo la mlango. Mimi nyuma yake nikieleza na yale asiyouliza. Nilikuwa nimemchinjia jogoo, nikampika kwa nazi, na sima. Alikula vizuri, akasema kuku wetu wamenona. Mangi, aliyejua habari yote, akapaliwa na maji.

Ndipo mgeni akavuta mkoba wake akatoa kopo jingine, kubwa mara mbili ya lile la kwanza. Akaeleza kwamba hawa amewaokota mwenyewe, akawanyonyoa mabawa mmoja mmoja kwa siku tatu, kwa sababu Koku alimwambia tuliwapenda. Akanisogezea nianze mimi. Koku ananitazama kwa fahari, maskini. Ningetia mmoja mdomoni na mambo yangeisha. Mkono ulifika koponi ukakataa kwenda mbele.

“Mama Koku,” nikasema, “wale wa kwanza hatukuwala. Niliwapa kuku. Huyu jogoo unayemsifu ndiye aliyewala.”

Nikamweleza yote, jinsi nilivyodhani ni wadudu, na jinsi nilivyoogopa kwamba akisikia nimetupa jasho lake atanichukulia mtoto. Maana nampenda, nikamwambia, nampenda kama Kache wangu niliyemzaa. Nikalia, mimi ambaye hata matangani watu hunishangaa kwa macho makavu.

Mama Koku alinawa mikono polepole, akaifuta kwa kanga yake.

“Siku mbili ndani ya basi,” akasema, “nilikuwa nikijiuliza, huyu mtoto akiugua huku, au akiharibikiwa, ni nani ataniambia kweli hata kama inamwaibisha mwenyewe. Basi nimempata. Koku atabaki hapa.”

Koku akanikumbatia hadi kilemba kikanivuka. Nikadhani yamekwisha. Lakini mgeni alikuwa bado ameinamisha kichwa, akichezea ukingo wa kanga.

“Na mimi nina langu, dada. Yule papa wako. Alikuwa ananuka, nikadhani ameoza njiani. Nilimzika nyuma ya migomba.”

Papa wangu! Nilifungua mdomo nimpe maneno yake, mgeni asiwe mgeni. Kisha nikamkumbuka jogoo. Nikachota senene, nikatia mdomoni, nikatafuna.

Kumbe watamu.