Aliyepelekwa Kanada kwa Mdomo

Perpétue alikuwa dukani Rwekubo akichagua sabuni, mtu akamshika bega na kupiga ukelele.

"Wewe! Kumbe Kanada walikurudisha?"

Alikuwa Constance, mfugaji wa Endiinzi anayetengeneza mtindi na samli, mwanamke anayecheka kwa mwili mzima. Kreti ya chupa za mtindi alizomletea mwenye duka alikuwa ameiweka miguuni. Perpétue alifurahi kumwona. Mara ya mwisho walipoagana, kule Mbarara, Constance alimwambia, nitakupigia, nataka wewe ndiye unichoree lebo za chupa zangu zote. Simu haikupigwa. Perpétue akajiambia kwamba watu wa biashara wana mambo mengi, akaendelea kungoja.

"Kanada gani, mama?"

"Ile ya kupanda ndege! Rafiki yako Pascaline aliniambia wewe nakwenda na watoto wote. Mimi nasema asante Mungu, huyu mama ameteseka ya kutosha. Sasa naona wewe kwa hapa unanunua sabuni!"

Macho ya Perpétue yalikuwa yameshuka kwenye kreti. Kila chupa ilikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu aliyegeuza shingo kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa jina njiani. Ng'ombe huyo alimchora yeye, kwa penseli, mbele ya Constance mwenyewe, wakati chai yao ikipoa. Walichomwongezea ni jua jekundu nyuma ya nundu.

Akainua chupa moja. "Hii nani alichora?"

"Si Pascaline alimalizia? Alisema wewe ulimwachia kazi." Kicheko cha Constance kilianza kupungua. "Nyabo, mama, kuna shida?"

"Hakuna," Perpétue alisema. Aliirudisha chupa kwenye kreti polepole, maana hakutaka kuvunja mali ya mtu asiye na kosa. Sabuni aliiacha pale pale kaunta.

Njia nzima ya kurudi Nakivale, kambi ya wakimbizi, alikaa nyuma ya bodaboda bila kuliona shamba wala mlima.

Yeye na Pascaline walitoka Kivu Kusini, Kongo, wote, mmoja Fizi, mwingine Uvira, wakajuana kambini kwenye foleni ya mgao. Perpétue alikuwa fundi wa kuchora: vibao vya maduka, matangazo ya harusi, na siku hizi lebo, ambazo alizitengeneza kwenye kompyuta kuukuu. Pascaline alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa. Kazi zao zilihitajiana. Ni Pascaline aliyesikia kwanza habari za ile ofisi ya pamoja huko Mbarara, ambako mtu asiye na ofisi hukodi kiti na meza, akapata umeme, intaneti, na majirani wenye biashara zao. Ilikuwa orofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo wapangaji waliiita Juu tu. "Leo niko Juu," walisema, hata mgeni akadhani wanajisifu.

"Kule fasi ya wateja mingi, yaya," Pascaline alimwambia, kwani kwao yaya ni dada mkubwa. "Hapa kambini tunauziana sisi kwa sisi."

Na ilikuwa kweli. Kila Alhamisi palikuwa na chai Juu, na msimamizi, Bwana Rwakabuba, aliwaalika wenye maduka, wafugaji, watu wa hoteli. Kanuni yake ilikuwa moja: mtu hajitangazi. Jirani wa meza husimama akamtangaza mwenzake, kwa sababu, alisema Rwakabuba, sifa ikitoka kwa jirani inaaminika. Basi Pascaline alikuwa akisimama na kusema, huyu ni Perpétue, kazi ya mkono wake mtaiona. Ndivyo Constance alivyompata. Wakati ule Perpétue aliiona kanuni hiyo kuwa ya upendo.

Kisha mtoto wake wa pili alishikwa na malaria kali. Perpétue alikaa naye kituo cha afya, simu ikazimika bila chaji, kazi zote akazisahau. Mtoto alipopona alirudi kwenye vibao vya kambini hapa na pale, akisubiri simu ya Constance ili apate sababu ya kupanda tena Mbarara. Muda wote huo, kumbe, alikuwa amekwisha kupelekwa Kanada.

Kanada ndiyo iliyomchoma kuliko ng'ombe. Dada yake mkubwa alikuwa kweli ameondoka na wanawe. Faili la Perpétue la kuomba kuhamishiwa huko lilikuwa nyuma ya la dada yake, likakwama, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Kila namba ngeni ilipoita, alidhani ndiyo safari. Hakupenda kulizungumza. Alimwambia mtu mmoja tu, siku aliyolia mpaka akaishiwa na sauti, na mtu huyo alikuwa Pascaline. Sasa mtu huyo alikuwa amelichukua lile donda na kulifanya kisingizio cha biashara.

Alhamisi iliyofuata alipanda ngazi za Juu chai ikiwa imeshaanza. Mlangoni watu wawili walimtazama kama aliyefufuka. Mmoja akampa mkono kwa uoga. "Tulisikia…"

"Najua mulichosikia," Perpétue alisema, akapita.

Mahali pake dirishani palikuwa na maboksi ya karatasi za Pascaline. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya wageni, kikombe mkononi, akisimulia jambo. Alipomwona, kikombe kiliinama na chai ikamwagikia kiatu.

"Yaya! Umefika lini?"

"Toka Kanada?"

Pascaline akajaribu kumvuta pembeni kwa kiwiko. Perpétue akauondoa ule mkono, akageukia Kiswahili cha kwao Kivu.

"Hapana. Sema hapa. Juu ya nini uliambia batu mi nilienda?"

"Shusha sauti, nakuomba. Ulikuwa fasi gani wewe? Nilikupigia, simu imezimwa. Ule mama alikuwa na haraka mingi, angeenda kwa bengine. Mi niliokoa kazi."

"Uliokolea nani? Ungesema mutoto wangu alikuwa mugonjwa. Ungesema angoje. Hata ungesema, nimeichukua mimi, ningekuelewa kesho yake. Lakini Kanada, Pascaline? Kanada?"

Pascaline aliangalia sakafu. Jibu lilimtoka taratibu, na pengine hakukusudia kulisema. "Ukisema mutu ni mugonjwa, banauliza kila siku amepona? Bakisikia Kanada, banafurahi, basi. Habatakutafuta tena."

Perpétue akaelewa. Kwa hiyo halikuwa neno lililoteleza. Lilikuwa limepimwa. Mwenzake alikuwa ametafuta uongo ambao watu wangeushangilia, uongo wa kumfuta mtu huku wakimwombea heri.

Bwana Rwakabuba alikuja mbio, viganja vimefunguka. "Madam, tafadhali. Mambo ya ndani tunamaliza ndani. Si mbele ya wageni."

"Wageni ndio ninaowataka," Perpétue alimjibu. "Wewe uliweka kanuni mtu asijitangaze. Mimi nikatangazwa mpaka nikavushwa bahari. Leo nitajitangaza."

"Lakini kanuni…"

"Nitolee kiti changu kama nimekosea."

Akaanza meza ya kwanza karibu na mlango. Alimpa mkono kila aliyekaa, mmoja mmoja, bila tabasamu. "Mimi ni Perpétue. Nachora lebo na vibao. Sikwenda Kanada, ninaishi Nakivale. Ng'ombe wa mtindi wa Endiinzi ni wangu. Ukinitaka, namba yangu ni hii, uliza mimi, usiulize mtu mwingine." Akaisoma namba, akangoja mpaka iingizwe kwenye simu, akaenda meza ya pili. Sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu anayefukuza kuku, na mwenye hoteli mmoja aliingiza namba huku akirudisha kiti nyuma. Hakujali. Alipofika meza ya mwisho koo lilikuwa limekauka. Hakuna aliyempa chai, naye hakuomba.

Kwenye ngazi, akishuka, alisikia hatua za kufukuzia. Alikuwa Onesphore Nshimirimana, Mrundi mwenye mashine ya kusaga unga huko Rugaaga, mtu mpole ambaye Alhamisi zote alikaa nyuma.

"Mama Perpétue, samahani. Mimi pia nilikuulizia. Nilitaka mifuko ya unga. Nikaambiwa umeondoka." Akasita, aibu ikimjaa usoni. "Nikaombesha misa ya safari yako. Parokiani kwetu. Walikutaja jina."

Perpétue alimkazia macho. Kama angekuwa mtu mwingine, siku nyingine, angecheka. Hasira ilimkaba vibaya zaidi: hata Mungu alikuwa amedanganywa kwa jina lake.

"Basi ombesha nyingine," alisema, "useme nimefika hapa. Hiyo mifuko, unataka nini juu yake?"

"Sijui. Nilingoja wewe uniambie."

Wakaketi pale pale ngazini, harufu ya dawa za mifugo ikiwapanda kutoka chini, wakazungumza mahindi.

Constance hakumrudishia kazi. Alipiga simu, akaomba radhi kwa maneno mengi, akaeleza kwamba lebo zimeshachapwa, mashine ni ya Pascaline, na yeye ni mtu wa maziwa, hataki kusimama kati ya wanawake wawili. Perpétue alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia mauzo mema, kisha akaitupa simu kitandani kwa nguvu hadi watoto wakatoka nje.

Bwana Rwakabuba naye hakuifuta kanuni yake. Alisema tu kuwa anayetaka kusimama mwenyewe hatazuiwa. Alhamisi iliyofuata Perpétue alisimama mwenyewe. Iliyofuata tena, Onesphore alisimama, akatetemeka, akasema habari za unga wake kwa Kiswahili cha Bujumbura, na mtu wa hoteli akamwita pembeni.

Maboksi yaliondolewa dirishani bila neno. Pascaline alihamia meza ya ukutani, karibu na mashine yake, na siku nyingi walifanya kazi wakipeana migongo. Asubuhi alisalimia. Perpétue aliitikia "nzuri," hakuongeza.

Halafu alikuja mwanamke mmoja mwenye duka la dawa mjini, akaenda moja kwa moja kwa Pascaline kutaka kibao. Perpétue aliacha kuchora akasikiliza, mgongo umekakamaa.

"Mi nachapa tu," Pascaline alisema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Mwenye kuchora ni yule pale dirishani. Iko hapa. Haendi fasi yoyote."

Mwanamke akavuka ukumbi. Perpétue alimvutia kiti, akamuuliza jina la duka na rangi anazozipenda. Kazi aliichukua. Hakugeuka kutazama meza ya ukutani, na asante hakuitoa, siku ile wala zilizofuata.